Mwanangu ni Fundi, Lakini Gari Langu Nataka Likaongezwe Nguvu kwa Mpinzani Wake

Mpendwa mshauri, naomba msaada na naomba unijibu upesi kwa sababu mimi si mtu wa kukaa kusubiri, na usianze kunipa pole maana sijafiwa wala sijaachwa. Ukurasa wako nausoma kila unapotoka, nasoma polepole kwa kuwa shule niliiona mlangoni tu, lakini namaliza, na naona wengi wanaokuandikia ni vijana waliopendana vibaya, nawe unawabembeleza mno, mimi ningewachapa. Shida yangu ni gari. Usicheke. Ni gari na mwanangu, na viwili hivyo vimenifanya nisikalie kiti, nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje kuliangalia gari, nalifungua boneti, nalifunga, narudi ndani, natoka tena, mpaka mpangaji wangu wa chumba cha uani ameniuliza kama nimepoteza kitu.

Gari ni langu, na nikisema langu nina maana nililinunua mwenyewe, sikuachiwa na mwanamume. Nilikuwa mpishi katika kambi ya wajenzi wa barabara na humo kambini ndimo nilimojifunzia kuendesha, tena nilianza na lori la maji, kwa hiyo mtu asije kunifundisha gia. Msimamizi wao alipomaliza kazi akaniuzia gari lake, stesheni wegoni, lile refu la nyuma ambalo ukitaka unalaza godoro, lina turbo na linavuta kwa matairi yote manne, mbele na nyuma kwa pamoja. Ni la zamani, nakubali, rangi imebabuka kwenye paa na mlango wa nyuma haufunguki mpaka uupige goti, lakini injini yake mshauri, injini yake ilikuwa na hasira. Ukilikanyaga lilikuwa linasita kidogo kama linalokuuliza una uhakika, halafu unasikia kafilimbi kembamba chini ya boneti, fiiii, halafu linakuchukua na mgongo unagandama kwenye kiti. Wanaume wa mtaa huu wana magari mapya yenye kung'aa na mlimani nilikuwa nawapita nikiwapungia mkono, na sitasema uongo, nilikuwa nikifurahi.

Mlimani ndiko anakokaa dada yangu, mkubwa wangu, tuliyebaki naye wawili tu. Amepooza upande mmoja na hataki kuogeshwa na mtu yeyote ila mimi. Mkwe wake ni binti mzuri, ana mikono laini, lakini dada yangu anasema, "Huyu ananiosha kama anaosha sahani za wageni." Basi mimi ndiye ninayekwenda, namwogesha, nampaka mafuta, namsuka nywele zilizobaki, tunasengenya waliokufa na walio hai, narudi. Barabara ya huko ni kupanda tu, kona juu ya kona, na zamani dada alikuwa akiisikia ile filimbi ya gari langu ninapomaliza kona ya mwisho na anamwambia mkwe wake, "Weka maji motoni, mwendawazimu amefika."

Sasa filimbi haipo. Imenyamaza kabisa. Gari linawaka vizuri asubuhi, halitoi moshi, halili oili, nimepima mwenyewe kile kijiti, iko palepale, na kwenye barabara tambarare linakwenda kama mtu mwenye adabu zake. Lakini likiona mlima linakata tamaa. Nakanyaga mpaka kiatu kinagusa zulia na linapanda kama linabeba jirani zangu wote. Juzi nimepitwa na pikipiki iliyobeba kochi. Si kiti, mshauri, kochi, la watu watatu, na mwenye kochi kalikalia kule nyuma anatazama alikotoka, kwa hiyo tulitazamana uso kwa uso mpaka wakapotea kwenye kona, naye akanisalimia kwa heshima, "Shikamoo bibi." Nikaitikia, ningefanyaje? Nilipofika, dada akasema, "Siku hizi unakuja kimyakimya kama mwizi. Umezeeka, mdogo wangu." Yeye, aliyelala kitandani, ananiambia mimi nimezeeka.

Sasa nakuja kwa mwanangu. Ni wa mwisho, na ndiye fundi magari anayeaminika kuliko wote mtaani kwetu, nasema hivyo si kwa sababu nimemzaa, waulize watu. Ni mkimya, hata akiwa mdogo alikuwa hivyo, ukimchapa halii, anakutazama tu mpaka unajiona mjinga. Nilikwenda gerejini kwake nikamwambia, "Baba, gari limekosa pumzi, liongezee nguvu. Nasikia wenzako wanaweka turbo kubwa, wanaweka eksozi pana, wanabadilisha na akili za ile kompyuta yake, gari la zamani linarudi ujana. Nifanyie na mimi."

Hakuniangalia. Alikuwa anapangusa spana ambayo ilishakuwa safi. Akasema, "Mama, gari limezeeka. Liache lipumue."

"Mimi na gari nani mzee?"

"Hilo sijibu."

"Hujibu kwa sababu jibu unalo au kwa sababu huna?"

"Mama, nina wateja."

Wateja! Wakati aliyemnunulia jeki ya kwanza ni mimi. Nikamwambia mbele ya wateja wake hao kwamba fundi anayeogopa injini aende akauze maua. Waliokuwepo walicheka, yeye hakucheka. Toka hapo nimemwendea tena na tena na kila mara ana neno jipya, mara vipuri havipatikani, mara gasketi haitavumilia, mara ataliangalia mwezi ujao. Kuliangalia tu! Na ni yeye huyuhuyu aliyelifanyia sevisi mara ya mwisho, alikuja mwenyewe nyumbani kulichukua, sikumwita, akakaa nalo, akalirudisha limeoshwa hata chini ya mazulia, na mwanangu haoshi magari, ana watu wa kazi hiyo. Nilidhani ni mapenzi. Baada ya hapo ndipo likaanza uvivu huu, kwa hiyo naona hata hiyo sevisi hakuifanya vizuri, mawazo yake hayakuwa kazini.

Ana neno moja tu analonishikia, nalitaja ili usije ukasikia kwingine. Eti tangi la maji. Kabla ya hiyo sevisi tulikuwa tunapanda kwa dada mimi na yeye, mbele yetu kuna lori la matofali linajikokota, na pale kwenye kona ya tangi la maji nikaamua kulipita. Barabara ilikuwa tupu, niliona kwa macho yangu. Mara pikapu hilo linateremka, sijui lilitokea wapi, dereva wake badala ya kukaa upande wake akaingia mtaroni. Akatoka kwa miguu yake mwenyewe, akanitukana, nikamrudishia. Hakuna aliyekufa. Lakini mwanangu aliteremka, akasaidia kulisukuma lile pikapu, halafu akakataa kupanda gari langu, akarudi mjini kwa miguu, mteremko wote ule. Mtu mzima. Tangu siku hiyo nikimwambia twende kwa mama yako mkubwa anasema atakuja baadaye, kwa njia yake.

Basi nikachoka. Ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango na gereji ya mwanangu, kuna gereji ya kijana wanayemwita Spana Moja. Alijifunza kazi kwa mwanangu, akajiona ameiva, akavuka barabara akafungua yake, na nusu ya wateja wakavuka naye. Hawakugombana, salamu wanapeana, hata jeki wanaazimana, lakini mteja wa huyu akionekana kwa yule, mtaa mzima unajua kabla hajazima injini. Ana mdomo huyo kijana, mshauri. Nilimpata nyuma ya soko, mbali na macho ya watu, nikamfungulia boneti. Akaingiza kichwa, akaniambia nikanyage, akasikiliza kama daktari.

"Bi mkubwa," akasema, "hili si gari bovu. Hili limelala."

"Liamshe."

"Nitaliamsha mpaka lisahau kulala. Nina turbo kubwa ya gari lililopata ajali, haijaguswa. Nakuwekea eksozi nene, nakubadilishia na kompyuta. Likitoka kwangu, utafunga mkanda hata ukiwa umeegesha."

"Na injini itavumilia?"

"Injini ni moyo, bi mkubwa. Unaogopa moyo?"

Mimi siogopi kitu. Nikampa ufunguo wa akiba palepale, tukapatana Jumamosi nilipeleke. Lakini tangu nimpe ule ufunguo sina raha. Gari langu watu wanalijua kwa mbali. Likipandishwa kwenye mawe ya Spana Moja, mwanangu ataliona akiwa amesimama mlangoni kwake, na kila anayepita ataliona, na watasema hata mama yake mzazi hamwamini. Jana jirani mmoja, sijui alinusa wapi, kaniuliza, "Mama Fundi, nasikia unahama?" Nikamwambia nahamia kichwani mwako, kuna nafasi. Lakini nilipoingia ndani nilifunga mlango kwa komeo, mchana kweupe.

Sasa niambie. Nikiacha, nitaendelea kupanda mlima nikipitwa na makochi, na siku moja gari litashindwa kabisa na dada yangu ataoshwa kama sahani. Nikienda, nitakuwa nimemvua nguo mwanangu barabarani. Gari ni langu, si la mtoto. Mama ana haki ya kupeleka mali yake anakotaka au hana? Jibu kwa ufupi, usinizungushe, na usiniambie niuze gari, ukiniambia hivyo nitaacha kusoma gazeti lenu.

Mimi Mama Fundi, mwenye gari lake

*

Mama Fundi, shikamoo. Umesema nisikupe pole, sikupi. Umesema nisikwambie uuze gari, sikwambii, nahitaji wasomaji. Haki ya kupeleka mali yako unakotaka unayo, hapo nimeshakujibu kwa ufupi. Lakini hukuandika barua ndefu hivyo kwa sababu ya haki, kwa hiyo kaa chini. Nimesema kaa. Uache boneti ya watu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikampelekea fundi anayetunza magari ya gazeti letu, nikamsomea bila kumwambia unakaa wapi. Kwenye kochi alicheka mpaka akashika ukuta. Kwenye pikapu aliacha kucheka. Halafu akaniuliza maswali ambayo wewe mwenyewe ulishayajibu bila kujua. Linatoa moshi? Nikamwambia hapana. Linakula oili? Hapana. Linapiga kelele ya chuma, linatetemeka, linapata joto? Mama hajasema. Filimbi ilipotea kidogo kidogo au kwa mara moja? Nikamwambia kwa anavyoandika, ilikuwepo kabla ya sevisi, baada ya sevisi haipo. Akafuta mikono, akasema, "Turbo inayokufa haiagi kwa ustaarabu hivyo. Hiyo haijafa. Hiyo imefungwa."

Nikamwomba anieleze mimi nisiyejua, na nakueleza wewe kama alivyonieleza. Turbo inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Pembeni yake kuna kilango kidogo cha chuma. Kilango kikifungwa, moshi wote unapita kwenye turbo, inazunguka, inapiga filimbi yako, inaisukumia injini hewa, na wewe mgongo unagandama. Kilango kikifunguka, moshi unachepuka, unakwenda zake kwenye eksozi, na turbo inabaki pambo. Anayetaka kulipunguzia gari kasi bila kuliharibu anakivuta kilango hicho, anakikaza kwa kipande cha waya ili kikae wazi, basi. Gari linawaka vizuri, tambarare linakwenda vizuri, mlima unalishinda. Ni kazi ndogo, anaifanya mtu mmoja akiwa chini ya gari, kisha analiosha mpaka chini ya mazulia kwa sababu roho inamsuta.

Siapi kwamba ndivyo ilivyo. Mimi sijalala chini ya gari lako. Lakini fundi anayeaminika kuliko wote mtaani haji nyumbani kuchukua gari asiloitiwa, halirudishi bila nguvu, kisha akaambiwa mbele ya wateja kwamba ni mwoga akanyamaza. Mwenye kosa la kazi hujitetea. Yeye amekubali aonekane hajui kazi yake, mbele ya wateja wake, mbele ya mama yake. Mtu hukubali hivyo akiwa anaficha jambo analoliona kubwa kuliko jina lake.

Na jambo lenyewe umeliandika wewe, ukalipitia kama unavyolipita lori. "Hakuna aliyekufa." Mama yangu! Unanisimulia rangi ya paa kwa kituo, unanisimulia kochi la watu watatu, na siku uliyotaka kumuua mwanao na dereva wa watu unaifanya mistari minne, tena ya kulalamika. Unasema barabara ilikuwa tupu, uliona kwa macho yako. Pikapu halidondoki kutoka mawinguni. Lilikuwepo. Mwanao aliliona, dereva wa lori aliliona, wewe hukuliona. Sisemi huwezi kuendesha. Uliyeanza na lori la maji unaweza kutufundisha wengi. Nasema hukuliona, na mtu asiyeona kitu kikubwa kama pikapu hana haja ya turbo kubwa, ana haja ya daktari wa macho.

Sasa naye mwanao, kwa kuwa najua hapo mtaani gazeti hili linapita mkono kwa mkono na litamfikia. Baba, kama ulifanya hivyo, ulikosea. Gari la mtu haliguswi kimyakimya, hata la mama yako, tena hasa la mama yako. Umemfanya ahangaike, ajione yeye na gari lake wamekwisha, na umemsukuma hadi kwa fundi mwingine bila yeye kujua anachokipeleka. Ulitaka kumlinda, umemwekea hatari nyingine. Ungeufungua huo mdomo wako mara moja tu. Najua kuufungua mbele ya huyu mama si kazi rahisi, nimesoma barua yake, lakini ungejaribu.

Nikurudie wewe, mama, maana hatari hiyo ni ya Jumamosi na ndiyo iliyonifanya nikujibu kabla ya wengine. Spana Moja amesikiliza kwa juu, akasema limelala. Sikio lake si baya. Lakini hakuuliza nani amelilaza wala kwa nini. Hajapima mgandamizo wa silinda hata moja ajue injini imebakiwa na nguvu gani. Anataka kuchukua turbo kubwa ya gari la ajali, aitie kwenye injini ya zamani, aiambie kompyuta imwage mafuta zaidi, na akiingia chini akauona waya, ataukata na kuutupa bila kukwambia, ili sifa yote iwe yake. Ukipanda mlima na gari hilo siku ya kwanza litaruka kweli, utafurahi, utampungia mkono kila mtu. Fundi wetu anasema injini iliyochakaa ikisukumiwa hewa kupita kiasi inatoboa pistoni au inapasua gasketi, na haichagui mahali. Sasa jiweke kwenye kona ya tangi la maji, gari lina nguvu usiyoizoea, macho ni yaleyale, na safari hii mwanao hayumo ndani wa kushuka kusukuma. Dada yako ataogeshwa na nani?

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, si Ijumaa, nenda kachukue ufunguo wako. Usimtukane kijana, hana kosa, ameletewa kazi akaipokea. Mwambie umebadilisha mawazo, akianza mdomo wake mwachie aongee peke yake. Kesho kapime macho, na ukiambiwa uvae miwani uivae barabarani, usiifungie kabatini kwa ajili ya kusomea gazeti. Ukiambiwa ni mtoto wa jicho, utibiwe kwanza, na mpaka hapo kwa dada unaendeshwa. Naona unavyofura. Fura, lakini panda kiti cha abiria. Mwili wa dada yako unahitaji mikono yako, hauulizi nani alishika usukani.

Macho yakiwa sawa, gari lirudishwe pumzi yake, na mwenye kulirudisha awe mwanao. Pumzi yake, mama, si ya gari la mtu mwingine. Gari la zamani haliongezewi kabla ya kurudishiwa kilichopotea. Apime mgandamizo wa kila silinda. Aangalie mipira yote inayopitisha hewa, maana ikipasuka hata kidogo nguvu inavujia hapo na watu wanalaumu turbo. Abadilishe plagi na chujio la hewa. Atie oili inayofaa turbo, si ile iliyo karibu. Kisha aangalie matairi, na hapa fundi wetu amenikazania nikwambie: gari linalovuta kwa miguu yote minne linataka matairi manne yanayofanana, kwa ukubwa na kwa kuchakaa. Ukinunua mapya mawili ukaweka mbele, ya nyuma ukayaacha yamekwisha, yatavutana chini kwa chini mpaka gia zivunjike, na wenye kubana matumizi kama wewe ndio wanaofanya hivyo. Breki ziangaliwe kabla ya turbo kufunguliwa, si baada. Na ukishafika kwa dada yako usizime injini palepale ukakimbilia ndani, iache ingurume kidogo mahali ulipoegesha, turbo ipoe. Hayo yakifanyika, na kilango kikirudi kazini, utapata nguvu yote uliyouziwa na yule msimamizi. Ikiwa haikutoshi hiyo, basi unashindana na watu, huendi kwa mgonjwa, na hapo sina ushauri.

Mtaa usikusumbue. Hakuna atakayesema umehama kama hujaonekana umehama. Na huyo jirani umemjibu vizuri, nimeiandika hiyo nitaitumia.

Limebaki moja, na ndilo utakaloshindwa usipokuwa mwangalifu. Najua unavyotaka kufanya sasa hivi. Unataka kuvaa viatu, uingie gerejini kwake na gazeti hili mkononi, umnyooshee kidole, useme nitoe waya wako. Ukifanya hivyo atatoa waya, na atakaa kimya nawe mpaka utakapozikwa. Nenda asubuhi, kabla wateja hawajafika, akiwa anapanga vifaa. Gazeti liache nyumbani. Usitaje waya, usitaje turbo, usitaje Spana Moja. Tafuta mahali ukae, kopo, tairi, chochote, ili asikuone umesimama juu yake. Umuulize, "Baba, siku ile kwenye kona uliona nini?"

Kisha nyamaza. Akichelewa kujibu, endelea kunyamaza. Akilia, unyamaze vilevile. Hilo hajaulizwa na mtu yeyote.